Gari Linalokohoa Asubuhi ya Baridi

Katika nchi ya chai, tangu Kericho hata Bomet, baridi ya asubuhi huzidi katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Ndipo pikapu iliyokwenda vizuri jana jioni huanza kukohoa, kutetemeka na kuzimika. Wakati huo maziwa yamekwisha kukamuliwa, nayo hayangoji fundi. Majani ya chai nayo yatakiwa kufika kiwandani siku ile ile yaliyochumwa, maana yakikaa na kupata joto ndani ya gunia huharibika.

Wakulima wengi wakiona hivyo hukimbilia dukani kununua betri mpya. Pengine betri ndiyo yenye kosa. Lakini ikiwa sivyo, fedha zimepotea bure na ugonjwa wa gari umebaki pale pale. Shauri letu ni hili: chunguza kwanza, nunua baadaye, na uanze na mambo yasiyo na gharama.

SIKILIZA STATA. Ikiwa stata inazunguka polepole na taa zinafifia, kosa liko upande wa umeme. Baridi hupunguza nguvu za betri, na wakati huo huo huifanya oili ya injini kuwa nzito. Kwa hiyo stata hupewa kazi kubwa na nguvu kidogo. Tazama vichwa vya betri. Vikiwa na ukoga mweupe au wa kijani, fungua waya wa hasi kwanza, visafishe kwa maji ya moto na brashi, vikaushe, kisha uvikaze na kuvipaka grisi. Fundi akiipima betri asubuhi kabla ya gari kuwashwa, betri nzima ya volti 12 huonyesha kama volti 12.6. Ikionyesha chini ya 12.2, imebaki na nusu ya nguvu au pungufu. Ichajiwe na kupimwa tena kabla ya kutupwa. Tumia pia oili ya namba iliyoandikwa katika kitabu cha gari, wala si yoyote iliyo rahisi.

TAZAMA PLAGI. Ikiwa stata inazunguka kwa nguvu lakini injini inakohoa, betri haina kosa. Ngoja injini ipoe, fungua plagi, uzitazame. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni njema. Yenye masizi meusi makavu yaonyesha petroli inazidi hewa. Yenye oili yaonyesha injini imechakaa ndani. Iliyolowa petroli yaonyesha kwamba petroli imefika lakini haikuwaka; huenda cheche ni dhaifu. Katika magari ya zamani yenye distributa, unyevu wa ukungu huingia chini ya kifuniko chake na kuiba cheche. Zima swichi, fungua kifuniko, kipanguse kwa kitambaa kikavu, na utazame kama kina ufa.

PETROLI NA HEWA. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, karibu sehemu nne tu kwa tano za hewa ya Mombasa. Kwa hiyo gari la kabureta lililorekebishwa pwani hunywa petroli kupita kiasi likifika huku, na plagi huwa nyeusi. Fundi na airekebishe hapa hapa. Chujio la hewa lililojaa vumbi huleta kosa lilo hilo, nalo ni rahisi kusafisha au kubadili.

Injini baridi yataka petroli zaidi kidogo, na hiyo ndiyo kazi ya choki. Vuta choki unapowasha, uirudishe injini ikipata joto. Ukiisahau, masizi ya leo yatakuwa taabu ya kesho. Magari mapya hayana choki. Yana kifaa kidogo kinachopima joto la maji ya injini na kupeleka habari kwa kompyuta ya gari. Kifaa hicho kikidanganya, petroli hupimwa vibaya. Fundi mwenye mashine ya kusomea makosa aweza kukigundua.

GARI LA DIZELI. Dizeli haina cheche. Huwashwa na joto la hewa iliyobanwa. Magari mengi ya dizeli yana plagi za kupasha moto. Washa swichi, ngoja taa yake izimike, ndipo uzungushe stata. Gari likitoa moshi mweupe na kutetemeka, kisha likatulia baada ya kupata joto, plagi hizo zapasa kupimwa moja moja. Toa pia maji yaliyokusanyika chini ya chujio la dizeli.

MAMBO YA HATARI. Usimimine petroli kwa chupa ndani ya kabureta. Moto ukirudi nyuma utakuunguza uso. Usiweke jiko la makaa chini ya injini. Usiache injini ikinguruma ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua. Wengi huegesha gari mteremkoni ili lisukumwe asubuhi. Hilo lafaa kwa siku moja tu, wala si dawa. Na gari la gia za kujiendesha haliwashwi kwa kusukumwa.

Basi, fanya uchunguzi huu jioni moja kabla baridi ya Juni haijaingia, siku usiyokuwa na haraka. Andika uliyoyaona: stata ilivyolia, rangi ya plagi, rangi ya moshi. Ukimpelekea fundi habari hizo, ataanza mahali penye kosa, nawe utalipa kwa kosa hilo peke yake.