Samaki ni wa Uingereza, nzi anafungwa Kenya

Kwenye ziwa Kivu, mvuvi wa sambaza huwasha taa usiku. Huko Uingereza, kwenye Rutland Water, ziwa lililotengenezwa na watu katika miaka ya 1970, mvuvi wa samaki aitwaye trauti havui kwa taa wala kwa wavu. Ana fimbo, kamba na nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyovikwa manyoya. Nzi wengi wanaouzwa Ulaya hufungwa kwa mikono nchini Kenya, hasa na wanamama.

Mwisho wa msimu, Septemba na Oktoba, mvuvi huyo hupata shida ya kuchagua. Maji yanapoa, baridi iko njiani, na trauti anataka kunenepa mapema. Anasogea kando ya ziwa, kwenye majani ya majini, ambako vifaranga vya samaki wengine vimejikusanya. Akizoea kula vifaranga, nzi mdogo aliyemnasa wakati wa joto hamshughulishi tena.

Basi achague nini? Kwanza aangalie maji. Akiona vifaranga vinaruka na ndege wanapiga mbizi, afunge nzi mweupe wa sentimita 5 hadi 7, mwenye ukanda wa ngozi ya sungura. Manyoya yake hucheza majini kama mkia. Lakini trauti huvamia kundi, kisha hurudi kuokota vilivyojeruhiwa. Ndiyo maana wengine hutumia nzi wa sponji anayeelea, wakimwacha atulie bila kumvuta.

Upepo ukivuma kutoka nchi kavu, kuna chaguo lingine: mdudu wa miguu mirefu, mfano wa mbu mkubwa, ambaye wakati huo hupeperushwa hadi ziwani.

Kumfunga huyo kunataka subira. Ndoana inabanwa kwenye chuma kidogo mezani, kisha inazungushiwa uzi. Miguu sita inatokana na mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku: kila unyuzi unapigwa fundo katikati ili upate goti. Yanafuata mabawa mawili ya unyoya wa jogoo, na unyoya mwingine unazungushwa shingoni ili nzi aelee. Mwishoni ni fundo na tone la vanishi.

Fundo likilegea, nzi anafumuka kwa samaki wa kwanza. Nao wafungaji wa Kenya mara nyingi hulipwa kwa idadi ya nzi. Kwa hiyo mama aliye mezani anasukumwa na haraka, huku kazi yenyewe ikimdai utulivu. Mvuvi anatoa pesa yake akitegemea fundo la mtu asiyemjua. Mama naye anamtengenezea chakula samaki wa ziwa ambalo pengine hatalifikia kamwe, na hata hivyo anapaswa kujua goti la mdudu wa huko linakunjwa wapi.