Kwa Nini Jicho la Mdiria Halitikisiki

Msomaji mmoja wa Lupingu ametuma picha na lalamiko. Picha ni ya mdiria, yule mwenye madoa meusi na meupe anayeonekana mwambao mzima wa Ziwa Nyasa, akiwa amesimama hewani juu ya maji kabla ya kujitupa kumfuata samaki. Mabawa yamekuwa moshi mtupu. Tumbo limefifia, mkia haujulikani unaanzia wapi. Lakini mdomo, jicho na ushungi wa kisogoni vimekaa sawasawa, unyoya kwa unyoya. Ndugu yetu ana miezi michache tu tangu anunue kamera iliyokwisha kutumika na lenzi yake ya milimita 400, na anauliza kama lenzi hiyo imeharibika upande mmoja.

Haijaharibika. Picha aliyoiona mbovu imenasa jambo ambalo wanasayansi wamelifukuzia kwa miongo mingi.

Habari za ISO, kipenyo cha lenzi na mizani ya rangi naziruka. Kijana yeyote wa studio ya picha pale Makambako atakufundisha hayo huku ukisubiri picha zako za pasipoti. Mimi nataka kuzungumzia shingo.

Kamata kuku. Mshike kwa mikono miwili, mabawa yakiwa yamebanwa vizuri, kisha msogeze taratibu kushoto na kulia, juu na chini. Mwili utafuata mikono yako. Kichwa kitabaki palepale, kimeganda hewani, kinakutazama kwa jicho moja bila wasiwasi. Ukizidi kumsogeza hadi shingo ifikie mwisho, kichwa kitaruka mara moja kwenda mahali papya na kuganda tena. Mercedes-Benz walifurahishwa na mchezo huu kiasi kwamba mwaka 2013 walitoa tangazo zima la kuku wakicheza muziki vichwa vikiwa vimetulia, ili kusifia gari lisilorusharusha abiria. (Abiria wa barabara ya kushuka Lupingu wangependa kulijaribu.)

Chanzo ni macho. Macho ya ndege ni makubwa mno kulingana na fuvu lake, yamejaa kwenye matundu yake, na kwa ndege wengi hayana nafasi kubwa ya kuzunguka. Wewe ukitazama mlima kupitia dirisha la basi linaloruka, macho yako hufanya kazi ya kufidia: basi likipanda, yenyewe yanashuka. Ndege kazi hiyo ameikabidhi shingo. Binadamu ana pingili 7 za shingo, twiga naye ana 7. Bundi ana 14.

Shingo inapata wapi habari? Ndani ya kila sikio mna mirija mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji, kila mmoja umeelekea upande wake. Kichwa kikianza kuzunguka, mrija unazunguka nacho lakini majimaji yanachelewa kidogo. Kule kuchelewa kunapinda vinyweleo vya seli zilizomo humo, seli zinapeleka habari kwenye shina la ubongo, na misuli ya shingo inapewa amri ya kurudisha kichwa kilikotoka. Yote haya yanatokea kabla ndege hajawaza lolote.

Sikio linatosha pale kichwa kinapozungushwa. Kikisogezwa kwenda mbele au nyuma, jicho lenyewe ndilo linalopima. Mtafiti Barrie Frost wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, alilionyesha hili mwaka 1978 kwa njia ninayoipenda sana. Alimtembeza njiwa juu ya mkanda unaorudi nyuma kwa kasi ileile anayokwenda nayo, ndani ya kuta zisizosogea. Njiwa akatembea vizuri tu, lakini kuta hazikumpita, na kichwa kikaacha kudonadona! Kumbe njiwa wa uwanjani hadonoi hewa. Kichwa chake kinaganda mahali pamoja, mwili unapita chini yake, halafu kinatupwa mbele na kuganda upya, ili dunia isimchezecheze machoni.

Ukitaka kumwelewa mdiria, mtazame mama anayepanda kutoka ziwani na ndoo ya lita 20 kichwani, haina kifuniko. Njia ni mawe matupu. Miguu inakanyaga huku jiwe, huku shimo. Magoti yanajikunja na kujikunjua, nyonga inakwenda upande na kurudi. Ukimtazama kiunoni kwenda chini utaapa maji yatamwagika. Ukitazama ndoo peke yake utadhani ameketi. Kila kinachotikisika chini kinatikisika ili cha juu kitulie, na akifika penye mfereji hakazi magoti, anayalegeza zaidi. Sasa mpe mdiria ndoo hiyo. Maji ni sura ya samaki iliyotua ndani ya jicho lake. Yakimwagika, amelala njaa. Magoti yake ni mabawa. Mawe ya njiani ni upepo, ambao hauonekani na hubadilika kila nukta. Ngata ni shingo. Ukimwambia mama yule akaze magoti ili umpige picha nzuri, maji yatammwagikia mabegani, na vivyo hivyo mdiria mwenye mabawa yaliyotulia hawezi kuwa na jicho lililotulia. Katika picha ya msomaji wetu, moshi wa mabawa ndio ulionunua ukali wa jicho. Mwaka 1983 John Videler na wenzake walichapisha vipimo vya kozi wa Ulaya anayewinda akiwa amesimama hewani hivyohivyo, na wakakuta kichwa kikisogea milimita chache tu huku upepo ukimpiga.

Kamera nazo zimejifunza. Canon walitoa lenzi yao ya kwanza yenye ujuzi huu mwaka 1995: kipimo kidogo kinahisi mzunguko wa mkono, na vioo fulani ndani ya lenzi vinasogezwa kwenda upande wa kinyume. Kifaa hiki tukiiteje? Wapo wanaosema kiimarishi, nami nakataa. Kuimarisha ni kwa nguzo na nondo, na kifaa hiki kazi yake ni kucheza. Kwa kuwa tunacho kizimamoto na kipimajoto, tuwe na kitulizamtikiso. Mhariri anaona ni refu. Avumilie.

Kitulizamtikiso kinatuliza mkono wako tu, hakimtulizi ndege, na hapa hesabu ndogo inasaidia. Mdiria yuko mita 8, lenzi ni ya milimita 400, kwa hiyo sura yake ndani ya kamera ni kama sehemu moja ya ishirini ya umbo lake. Kichwa kikihama kwa kasi ya sentimita 10 kwa sekunde, sura inahama milimita 5 kwa sekunde. Ukiweka shata 1/250, sura imeburuzwa milimita 0.02, yaani pikseli kama tano kwa kamera ya kawaida ya megapikseli 24 yenye kihisi kidogo. Ukiweka 1/2000 haifiki pikseli moja. Bawa likienda, tuseme, mita 4 kwa sekunde, hata hiyo 1/2000 inaliburuza pikseli 25 au zaidi. Na kichwa kikiwa kimeganda? Mburuzo ni sifuri, hata 1/250 inatosha, ilimradi mkono wako nao umetulia. Tatizo ni kwamba hujui kichwa kitaruka lini. Piga mfululizo, picha nane au kumi, utapata moja iliyoangukia kwenye utulivu.

Lupingu yenyewe ina bahati yake. Upepo wa mwera unapovuma kutoka kusini, mdiria huukabili kwa uso. Wewe ukisimama ufukweni ukitazama ziwa, anakupa ubavu mzima, na ukihesabu mikanda myeusi kifuani utajua kama ni dume, mwenye miwili, au jike, mwenye mmoja. Asubuhi Milima ya Livingstone inazuia jua, kwa hiyo usihangaike kuamka alfajiri; likishachungulia juu ya mlima, liko mgongoni kwako na linampiga ndege ubavu uleule. Hilo lina maana kubwa kwa sababu jicho la mdiria ni jeusi, limewekwa ndani ya ukanda mweusi. Bila nukta ya mwanga juu yake, kamera hailioni na hata mtazamaji hatalitafuta. Jioni jua linakuja kutoka juu ya ziwa, linakupiga wewe. Vuta kiti.

Kwa wadogo zaidi, panda milimani. Kwenye nyasi za nyanda za juu kuna ndege wa kahawia mwenye jina la mkoa wenyewe wa Njombe, Cisticola njombe, aliyepewa jina hilo la kisayansi na Hubert Lynes, admirali Mwingereza aliyewapenda ndege wa jamii hii, mwaka 1933. Anaposhika bua linaloyumba, mwili unakwenda na bua, kichwa kinabaki nyuma, shingo inarefuka na kufupika. Kwa mdogo namna hii utalazimika kusogea hadi mita 5, na hapo, kwa lenzi ileile iliyofunguliwa f/5.6, kina cha ukali ni kama sentimita 3 tu. Elekeza fokasi kwenye jicho, mkia ujitegemee. Usimpige anapoimba, maana koo na mdomo vinatetemeka kuliko bua. Subiri anyamaze, atageuza kichwa kwa mruko mmoja, atakigandisha, na hapo ndipo ubonyeze.