Yoga Nyumbani: Mkeka na Pumzi Vyatosha

Wapo wanaodhani yoga ni anasa ya wenye fedha za kulipia kumbi na walimu. Mimi sikubaliani nao. Mazoezi haya ya kale yalitoka India, na mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliyatengea siku yake, Juni 21. Msingi wake ni pumzi, nayo hainunuliwi dukani.

Anza alfajiri kabla ya kula, dakika 10 tu. Simama peku juu ya sakafu tupu, maana mkeka wa ukindu huteleza kwenye saruji. Vuta pumzi kwa pua huku ukiinua mikono. Itoe polepole ukiishusha. Kisha tandika mkeka, ulale chali, upitishe kanga chini ya unyayo na kuuvuta mguu juu taratibu. Msuli ukikaza, kunja goti kidogo. Badili mguu. Malizia kwa kulala kimya dakika 3.

Ukihisi maumivu makali, acha. Mjamzito, au mwenye shinikizo la damu au maradhi ya mgongo, amwone daktari kwanza. Wala usishindane na picha za magazetini: mgongo ulioinamia meza ya ofisi miaka 10 haunyooki kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.