Kwa nini mwanga wa dunia unasumbua darubini za angani?

Usiku, kwenye vijiji vya Kabambare ambako umeme hauko, nyota zinaonekana nyingi sana. Lakini pikipiki ikikumulika usoni, zinapotea palepale. Hazijaondoka: jicho ndilo limejaa mwanga. Darubini za angani ziko na shida ileile.

Huko juu hakuna barabara wala kibao. Ili darubini ijue inaelekea wapi, kamera ndogo inapiga picha ya nyota, kisha kompyuta inazilinganisha na ramani yake. Shida ni dunia: inarudisha karibu asilimia 30 ya mwanga wa jua, na nyota ndogo zinafunikwa. Ndiyo maana mbele ya kamera wanaweka bomba jeusi, kama vile mtu anavyokinga macho kwa mkono. Halafu wanaijaribu: wanaigeuza polepole kuelekea ukingo wa dunia mpaka nyota zipotee. Hapo wanajua mwisho wa kuikaribia.

Afrika Mashariki inaijua kazi hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, satelite Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi. Ilitafuta angani mionzi ya X, ile ya kupiga radio hospitalini. Kujua ilikoelekea, ilitegemea vipimo vya nyota na jua. Orodha yake ya mwisho ilifikisha vyanzo 339. Bila kujua mwelekeo, ingesikia tu, bila kujua nani anaita.