Okidi za Pwani: Nunua Itakayorudi Kuchanua

Okidi iliyochanua haihitaji kunadiwa. Shada limejaa, petali hazina doa, na muuzaji anakuhakikishia kwamba maua yatadumu miezi miwili au zaidi. Hasemi uongo. Lakini mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ana swali moja la kuuliza kabla ya kufungua pochi: haya yakianguka, mengine yatakuja lini?

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme okidi mbili zinauzwa shilingi 60,000 kila moja. Ya kwanza inachanua wiki 10, kisha inabaki majani matupu. Kila wiki ya maua imekugharimu shilingi 6,000. Ya pili inachanua wiki 6 tu, lakini mara mbili kwa mwaka, kwa miaka 3. Hizo ni wiki 36, na kila wiki imekugharimu chini ya shilingi 1,700. Bei ya dukani ni moja, gharama si moja.

Falenopsisi

Ndiyo yenye maua mapana kama mabawa ya kipepeo, na ndiyo inayopendwa zaidi kwa zawadi. Inavumilia kivuli cha sebuleni. Tatizo lake pwani ni joto: ili itoe kikonyo kipya cha maua inahitaji majuma kadhaa ya usiku wa nyuzi 16 hadi 20 hivi, na mchana usiopita sana nyuzi 26. Joto likikaa juu ya nyuzi 28, inaongeza majani tu. Kipupwe chetu cha Juni hadi Agosti hupoza usiku, lakini mchana joto hupanda tena. Kwa mkazi wa Lushoto, Arusha au Nairobi ni chaguo zuri. Mkazi wa pwani aliye nayo tayari asikate kikonyo chote maua yakianguka. Akate juu kidogo ya fundo la pili au la tatu kutoka chini, maana mara nyingi hapo huchipua tawi la maua mengine.

Dendrobiamu

Zipo aina nyingi. Tafuta zile za nchi za joto, zenye mashina magumu yaliyosimama kama miwa midogo, ambazo Thailand huzikuza kwa wingi na kuziuza nje. Hizi hazisubiri baridi. Zinataka jua la asubuhi, hewa inayopita na chungu kidogo kinachozibana. Kosa linalowagharimu wengi ni kukata shina kuukuu lililopukutisha majani. Liache: lina akiba ya maji na chakula, na linaweza kutoa maua tena.

Vanda

Singapore, nchi ya joto mwaka mzima, ilichagua ua lililojulikana wakati huo kama Vanda Miss Joaquim kuwa ua lake la taifa mwaka 1981. Vanda huning'inizwa mizizi ikiwa wazi, kwa hiyo hununui chungu wala cha kujazia. Gharama yake ni muda: inataka maji kila siku na mwanga mwingi. Anayesafiri mara kwa mara atakuta mizizi imesinyaa.

Chunguni uweke nini?

Magome na mosi (moss) kutoka nje ni ghali, na kwenye unyevu wetu mosi hiyo huozesha mizizi upesi. Vipande vya makumbi ya nazi karibu ni bure. Viloweke siku kadhaa ukibadilisha maji ili chumvi itoke, na uvibadilishe baada ya miaka 2 hivi. Mkaa na vigae haviozi. Mchanganyiko wa makumbi na mkaa unatosha. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, nayo huunguza mizizi. Kinga maji ya mvua. Mzizi ukiwa wa kijivu una kiu, ukiwa wa kijani umeshiba.

Kabla ya kununua dawa ya maua

Tazama majani. Yakiwa ya kijani kizito, mmea hauna mwanga wa kutosha, na hakuna chupa ya dawa itakayochukua nafasi ya jua. Usogeze penye mwanga taratibu, wiki kwa wiki, mpaka majani yawe ya kijani kilichopauka kidogo. Yakitokea mabaka ya kuungua, umezidisha. Mbolea ya kawaida ya NPK 20-20-20, robo ya kipimo cha pakiti mara moja kwa wiki, inatosha. Nitrojeni ikizidi utapata majani mazuri yasiyo na maua.

Uamuzi

Kwa pwani, dendrobiamu ndiyo inayorudisha fedha. Vanda ni ya mwenye kibaraza chenye mwanga na nafasi ya kumwagilia kila asubuhi. Falenopsisi inunue kama unavyonunua shada la zawadi, ukijua unalipia msimu mmoja.

Na ukiuziwa okidi iliyobanduliwa mtini, kama Ansellia africana yetu yenye madoa ya chui, usiichukue hata kwa bei ya bure. Biashara ya okidi za mwituni nje ya mipaka inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na nyingi zikibanduliwa hufa. Nunua iliyooteshwa kitaluni. Ile ya porini iache ichanue porini.