Maji ya goti yavutwe kabla ya dawa

Goti likivimba ghafla, likawa na moto na kukataa kukunjika, mkazi wa Kibuye, hapa Kisumu, hahitaji kwenda mbali kutafuta vidonge vya kuua bakteria. Kemisti ziko karibu na soko. Hapo ndipo ushahidi uliomo kwenye maji ya goti unapoanza kupotea. Ute wa goti zima ni kidogo, una manjano hafifu, na huvutika kama ute wa yai. Bakteria wakiingia, maji huongezeka, huchafuka na kudondoka mepesi. Kwenye hadubini, goti zima huwa na seli nyeupe chini ya 200 kwa kila maikrolita. Zikizidi 50,000, daktari hushuku bakteria. Hushuku tu, kwani hata jongo laweza kuzipandisha hivyo, na chembe za jongo zikionekana bado bakteria wanaweza kuwamo. Kipimo cha rangi ya Gram hujibu upesi, ila huwakosa wagonjwa wengi wenye bakteria kweli. Kinachotaja kijidudu na dawa inayokiua ni kukiotesha maabara, na vidonge vilivyotangulia vyaweza kukizuia kisiote huku vikishindwa kusafisha kiungo.

Wapo watakaouliza: mtoto amepimwa damu, malaria imeonekana, goti linachomwa sindano ya nini? Kando ya ziwa letu mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria damuni bila hata kuugua, na malaria haijazi goti moja usaha. Mtoto mwenye selimundu ndiye wa kuangaliwa zaidi: maumivu yake ya kawaida hufanana na maambukizi, na salmonela hupenda kushambulia mifupa yake. Wengine huogopa kwamba sindano italikausha goti. Mwili hutengeneza ute mwingine, na sindano safi, ikipita kwenye ngozi isiyo na kidonda, ni nadra kuingiza vijidudu. Hoja nzito ni ya muda, kwa kuwa gegedu huanza kuliwa ndani ya siku chache na haioti tena ilivyokuwa. Lakini kuvuta maji ni kazi ya dakika. Dawa ifuate papo hapo, majibu yaje baadaye, na mgonjwa mahututi asicheleweshwe hata kidogo. Aliyekwisha kumeza vidonge naye aende tu hospitali, iwe ile ya rufaa ya Jaramogi tunayoiita Russia au nyingine, na abebe pakiti yake: bila hiyo, maabara isipootesha kitu, daktari anaweza kudhani goti ni salama.