Udongo Uliolowekwa Siku Nne

Sentensi ninayokutana nayo mara nyingi katika ripoti za wanafunzi wa uhandisi wa barabara ni ya namna hii: “Udongo ulichanganywa na chokaa, CBR ikaongezeka, matokeo ni mazuri.” Aliyeiandika ametoka jasho maabara wiki nzima. Amechekecha, ameshindilia, amepima. Kazi yote hiyo imemezwa na maneno tisa.

CBR ni kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo. Sampuli hushindiliwa ndani ya moldi ya chuma, kisha mchi wa chuma wenye kipenyo cha karibu milimita 50 husukumwa taratibu juu yake. Nguvu inayouzamisha milimita 2.5 hulinganishwa na kilonyutoni 13.24, nguvu inayohitajika kwa kokoto za kulinganishia. Udongo ukihimili nusu yake, CBR ni asilimia 50. Lakini je, sampuli ilipimwa papo hapo au baada ya kulowekwa siku 4? Udongo wa mfinyanzi unaobeba malori wakati wa kiangazi huweza kuwa tope masika yakiingia. Ndiyo maana mwongozo wa Tanzania wa usanifu wa barabara wa mwaka 1999, unapotaja daraja la ubora wa nyenzo la G45, hudai asilimia 45 baada ya kuloweka siku hizo 4.

Tuiandike upya, kwa tarakimu za mfano tu: “Udongo mwekundu uliotiwa chokaa asilimia 4 ya uzito wake mkavu, ukatunzwa siku 7 na kulowekwa siku 4, ulifikia CBR ya asilimia 60, wastani wa sampuli 3, bila chokaa ulifikia 12.” Mhandisi wa wilaya akiisoma hii anaweza kuamua jambo.

Kisha kuna “rafiki wa mazingira”, maneno yanayopachikwa kila ukurasa bila ushahidi. Chokaa, kama saruji, hutoa kaboni dayoksaidi mara mbili: kwenye kuni au makaa ya tanuri, na kwenye jiwe lenyewe likichomwa. Basi mwanafunzi aseme machimbo ya kokoto, ambazo udongo huo umechukua nafasi yake, yako kilomita ngapi, safari ngapi za malori zimeepukwa, na chokaa imetumika tani ngapi. Hesabu ikigoma, aandike hivyo hivyo.

Katika kuwasilisha, slaidi ishirini za majedwali hazimsaidii msikilizaji. Njoo na mabonge mawili ya udongo na bilauri mbili za maji. Lisilo na chokaa litaanza kumomonyoka mbele ya macho ya watu. Lililotiwa chokaa na kutunzwa vyema litabaki na umbo lake. Hapo onyesha grafu moja.

Wanafunzi wetu huandika kwa Kiingereza, na wengi hujificha nyuma yake. Mimi huwaagiza kwanza wamweleze nyapara, kwa Kiswahili, kwa nini udongo ulikomaa: kalsiamu ya chokaa hushikamanisha chembe za mfinyanzi mara moja, kisha polepole, siku hadi siku, huzaliwa gundi inayofanana na ya saruji. Asiyeweza kulisema hilo hajui kwa nini aliitunza sampuli siku 7, na ripoti yake itaonyesha.

Walimu wenzangu, tusingoje ripoti ya mwisho wa muhula. Tudai ukurasa mmoja siku sampuli zinapotolewa majini, na tuurudishe na masahihisho kabla moldi hazijaoshwa.